Mama Vipimo na Vichupa vya Jemu

Ukimwamkia shikamoo, alikuitikia marahaba huku keshakuvuta kope la chini kwa kidole gumba, atazame kama damu unayo. Hapo hamjaulizana hata habari za nyumbani. Alimfanyia hivyo kila mtu: muuza viazi karai, maalimu wa madrasa, mkwewe siku ya posa, na mara moja Mjerumani aliyeingia kuuliza njia ya kwenda Galu. Mjerumani wa watu alisimama kimya, jicho limefunuliwa, nadhani akidhani ndiyo maamkizi ya Pwani. "Huyu damu anayo," akasema, kisha akamwonyesha njia.

Sisi tulimwita Mama Vipimo. Jina lake halisi lilikuwa limeandikwa juu ya mlango wa kliniki, ila jua na mvua vilikuwa vimekula rangi na hakuna aliyejali. Kliniki yenyewe ilikuwa vyumba viwili pale Ukunda, kandokando ya barabara iendayo Msambweni, kati ya fundi wa baiskeli na mwanamke muuza mitumba. Alikuwa tabibu aliyestaafu serikalini. Ukimwita daktari alikurekebisha mbele za watu, tena kwa sauti. "Daktari yuko Msambweni, ana gari. Mimi nina darubini."

Na darubini hiyo ndiyo iliyotushika roho. Nazungumzia miaka ile ya mwisho ya tisini, watalii wanaadimika kisha wanarudi, hoteli zinafungwa kisha zinafunguliwa, na kila zikifunguliwa watu wanaandikwa kazi upya. Hukuandikwa bila medikali. Jikoni, kwenye meza, baa, hata kwa dobi, walitaka karatasi inayosema choo chako kimetazamwa, mkojo umetazamwa, kifua kimepigwa picha na wewe ni mzima. Waliotoka Kinango, waliotoka Waa kama mimi, waliotoka Kitui na Kisumu na begi moja, wote walipita mkononi mwake. Waliokwenda Uarabuni kufanya kazi za majumbani nao walipita. Ungeweza kuwa na barua ya kazi mfukoni, na mwanamke yule mfupi, mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi, akakusimamisha mlangoni.

Vyombo vya kuletea vipimo tulivijua sote. Choo kikubwa kilikuja katika vikopo vyeusi vya filamu ya kamera, vile ambavyo watalii walitupa vyumbani. Mkojo ulikuja katika vichupa vidogo vya jemu, vya chai ya asubuhi hotelini. Aliyekwisha kupata kazi alimwekea asiyepata. Siku ya Jumatatu meza ya Mama Vipimo ilijaa vichupa vyenye picha za stroberi na machungwa, na yeye akipita katikati yake akisoma: "Stroberi wa nani? Machungwa, njoo mwanangu, wewe hunywi maji."

Wallahi, alisema hivyo hivyo. Mambo madogo aliyatangaza kama muuza samaki. Minyoo, upele, meno mabovu, hayo yote kliniki nzima iliyasikia, na watu walicheka na kulipana utani. Lakini kulikuwa na mambo mengine ambayo hukuyasikia kamwe. Hapo alinyamaza, akamwita mtu chumba cha ndani, akafunga mlango, na akitoka huwezi kusoma kitu usoni mwake. Siku moja wakala wa watu wa Uarabuni alimfuata akitaka kujua damu ya kijana mmoja wa bara imesemaje, maana eti yeye ndiye aliyemleta. Mama Vipimo akamjibu, "Damu ni yake au yako?" Wakala akasema ni ya kijana. "Basi kamuulize mwenye damu." Na yule kijana nilimwona mara nyingi baadaye akija Alhamisi, anakaa naye ndani, anatoka na kifuko cha dawa na mabuyu mkononi. Sijui walizungumza nini, wala sikuuliza.

Wakala huyo huyo alirudi safari nyingine na fomu nyingi za wasichana. Wasichana wenyewe hakuja nao. Alikuja na halua. Na hapa nieleze jambo moja: Mama Vipimo alipenda kitu kitamu kupita kiasi. Chai yake ilikuwa vijiko vinne vya sukari, na akikoroga ulisikia kijiko kinakwama. Sisi alitukataza. Alikuwa na hotuba nzima juu ya sukari, anaitoa huku akitafuna kaimati. Ukimwambia, "Mbona wewe, Mama?" alisema, "Mimi najijua." Basi wakala akaweka halua mezani, bado ya moto, mafuta yanapenya karatasi, akaweka na fomu kando. Mama Vipimo akakata kipande, akala. Akatuita tuliokuwa kwenye foleni, kila mtu akapata chake. Halua ilipokwisha akajifuta vidole, akasema, "Nimeipima, ni nzima. Sasa walete na hao wasichana tuwapime." Wakala alikusanya fomu zake akatoka hata kuaga hakuaga.

Wale wasichana walipata karatasi kwingine, maana anayetafuta uongo haukosi. Mmoja wao, msichana wa Msambweni, alipofika huko Uarabuni wakampima upya, wakaona ana kifua kikuu, wakamrudisha. Alikuja kliniki moja kwa moja, na begi lake bado lina kikaratasi cha ndege kwenye mpini, hajathubutu hata kwenda kwao. Sisi tulingoja tusikie Mama Vipimo atamwambia nini. Alimvuta kope, akamwagizia uji, kisha akampeleka mwenyewe Msambweni kuanza dawa za kifua. Alizinywa miezi mingi, na kila mwezi Mama Vipimo alimpandisha kwenye mizani na kupiga vigelegele kila kilo ilipoongezeka. Mwisho msichana akanenepa mpaka akamwomba asimpime tena.

Nimesema juu ya mizani, sijasema juu ya kiti. Kiti kilikuwa cha mbao, kimewekwa pembeni dirishani, chini ya kalenda yenye picha ya Kaaba. Kiliitwa kiti cha kupoa. Watu walifika pale mbio mbio, wametembea juani na tai ya kuazima shingoni, mioyo inadunda kwa woga wa kukosa kazi. Wakipimwa presha iko juu. Mtu mwingine angeandika tu alichoona. Yeye alifungua ile tai kwa mkono wake akasema, "Hii si presha yako, ni ya woga. Kaa hapo upoe." Wengine walipoa robo saa. Kuna mpishi mmoja wa kutoka Taita alipoa tangu asubuhi hadi adhuhuri, akalala, akakoroma, akapimwa amelala na presha ikawa ya mtoto.

Na ile picha ya Kaaba ilikuwa habari nyingine. Hija ndiyo iliyokuwa shauku ya maisha yake. Jina lake lilikuwa katika kikundi cha mahujaji, anangoja zamu. Kila aliyesafiri kwenda Uarabuni alimpa ujumbe mmoja: "Ukifika, nisalimie Makka, waambie nakuja." Hata Wakristo wa bara aliwatuma hivyo, nao waliitikia, "Sawa Mama, tutawaambia."

Sasa niseme langu.

Nilikuwa nimekataliwa kazi mara mbili. Mara ya kwanza eti mfupi, mara ya pili eti Kiingereza changu kinachechemea. Nyumbani Waa baba alikuwa hawezi tena shamba na wadogo zangu wako shule. Kisha hoteli moja ya Galu ikanipa barua: nafasi jikoni, nilete medikali kabla ya Ijumaa, nisipoleta nafasi anapewa mwingine. Barua hiyo niliisoma mpaka ikachanika kwenye mkunjo.

Tatizo nililijua mwenyewe. Tangu utotoni tuliogelea bwawani, na kwetu mtoto kukojoa damu damu halikuwa jambo la kuitia watu. Mwaka ule mvua zilikuwa zimenyesha hadi tukachoka, mifereji ya maji ya bomba pale Ukunda ikakauka ajabu wakati nje kumejaa maji, na sote tukawa tunachota na kufulia kijitoni. Na mimi nilikuwa nimeona rangi kwenye mkojo wangu. Nyumba niliyopanga ilikuwa ya vyumba sita, na katika vyumba hivyo sita kila mtu alikuwa bingwa wa medikali. Wakaniambia: wakiona kichocho, kazi hakuna. Wakaniambia tena: watu wa bara mikojo yao ni safi, kwao hakuna mabwawa ya uchafu, azima wa mtu wa bara.

Chumba cha pili alikaa Mutheu, msichana wa Kitui, mwaka mmoja sasa yuko Pwani, naye anatafuta kazi. Roho yake nzuri, mdomo wake haufungi. Nikamweleza kwa kuzunguka zunguka, nikiona haya. Akaangua kicheko.

"Aki, ni hiyo tu? Chukua, maze! Si kila siku namwaga bure?"

Akanijazia kichupa cha stroberi mpaka shingoni.

Lakini Mama Vipimo alijulikana kwa jambo moja. Kila kichupa alichopokea, kabla hajakiweka mezani, alikigusisha mgongo wa mkono. Mkojo uliotoka kwako sasa hivi una joto. Wa kuazima umekwisha kupoa. Wengi walinaswa hapo, nami sikutaka kunaswa kijinga. Kwa hiyo nikajifanya nina akili: nikakitumbukiza kichupa ndani ya chupa ya chai yenye maji ya moto, ya mdomo mpana, nikaifunika, nikaificha kwenye kikapu chini ya leso. Nilipofika kliniki nikaenda chooni, nikakaa kidogo kwa adabu, nikakitoa kichupa na kukifuta.

Nilikuwa nimekishika kwa ncha ya leso, kwa hiyo joto lake sikulihisi. Mama Vipimo alikipokea akakigusisha mgongo wa mkono.

"Yallah!"

Kichupa kilianguka mezani, kikabingirika, bahati kifuniko kilishika. Akanitazama. Akakitazama kichupa. Akachukua kipima joto, akanitia kwapani, tukangoja wote, foleni nzima. Akakitoa, akakisoma.

"Mwanangu, wewe huna homa. Homa anayo huyu," akasema akikionyesha kichupa. "Mtu mwenye mkojo wa moto hivi keshazikwa."

Watu walicheka, jamani! Fundi wa baiskeli aliingia na spana mkononi kuja kuuliza kuna nini. Mimi nikalia. Nililia kwa kwikwi, na barua yangu nimeikamata kifuani. Nilijua Ijumaa imekwisha kunipita na Jumatano haijaisha. Mama Vipimo hakunifukuza. Alinishika mabega akaniketisha kwenye kiti cha kupoa, kisha akachukua kile kichupa akaingia nacho chumba cha darubini. Alikaa huko kitambo. Alipotoka akauliza taratibu, "Mkojo huu ni wa nani?"

"Ni wangu," nikasema.

"Haya, ni wako. Basi una mayai ya kichocho tele."

Nikaruka kitini. "Haiwezekani! Mwenyewe katoka Kitui!"

Loo! Nilipojisikia nimesema, ilikuwa imekwisha toka. Kliniki nzima ilikuwa chini kwa kicheko, na yule mwanamke wa mitumba alikuwa anajifuta machozi kwa suruali ya kuuza. Mama Vipimo peke yake hakucheka, au alijizuia, maana mashavu yalikuwa yanatetemeka. Akanipa kichupa kitupu, cha machungwa. Nikaenda chooni tena, safari hii bila kikapu. Alipokwisha kuutazama na wangu akaja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Unacho na wewe. Yaani umeacha ugonjwa wako nyumbani, ukaenda kuazima wa jirani."

Akaniamuru nikamlete huyo wa Kitui. Mutheu alikuja akidhani tumeshtakiwa, amevaa viatu vya kanisani. Akavutwa kope, akaulizwa maji anachota wapi, anafulia wapi, akasema kijitoni, kwani kuna kwingine? "Kitui hukuja nacho," Mama Vipimo akamwambia. "Umekipata hapa hapa, kwa maji yetu. Unatia miguu, kinaingia kwenye ngozi, wewe hujui. Pole, mwanangu. Karibu Pwani." Mutheu akageuka akanitazama kwa macho makali. "Na hamkuniambia!" Na kweli hatukumwambia. Kila aliyekuja kutoka bara tulimwonyesha njia ya kijitoni, hatukumwonyesha kilichomo.

Alituwekea chapati na maharage, akatusimamia tule tushibe, ndipo akatupima urefu na uzito na kutupa vidonge. Vikubwa, vichungu, na tulimeza mbele yake. Baadaye vichwa vikatuzunguka, tukalala kwenye mkeka wake wa kusalia mbavu kwa mbavu, tunaugua kwa sauti, na yeye anaendelea kuwapima watu akituruka.

Jioni kidogo tulipopata nguvu, akatupa habari iliyonifanya nitake kulia tena. Kichocho, akasema, hakimwingii mtu kwa sahani. Mpishi mwenye kichocho hawezi kumpa mla chakula. Anajiumiza mwenyewe tu, kibofu chake, figo zake, mpaka uzeeni. Hofu yote ile, na chupa ya chai yote ile, ilikuwa ya bure.

"Mngeniuliza," akasema.

Mutheu alikuwa na akili ya haraka. "Basi Mama, si uandike tu hatuna? Kwani iko shida?"

"Nikikuandikia wewe huna, na yule mwenye homa ya matumbo atataka wake vile vile. Naye huyo atawalisha watu."

Akaandika ukweli: alikutwa na kichocho, ametibiwa, hana ugonjwa wa kuambukiza kwa chakula, anafaa kazi ya jikoni. Nilipoisoma moyo ukaanguka. Ofisa wa hoteli angesoma neno la kwanza tu. Nilimwambia hivyo, na nadhani nilimwambia kwa ukali, kwa sababu nilikuwa nimechoka na tumbo linaniuma. Hakukasirika. Alisema, "Ijumaa asubuhi nitakwenda mwenyewe."

Na alikwenda. Baiskeli hakujua kuendesha, kwa hiyo fundi alimpakia nyuma. Alikaa upande, koti jeupe juu ya buibui, mwavuli mkononi, na karatasi zetu ndani ya mkoba. Mimi na Mutheu tulifuata kwa miguu, tukafika tumeloa jasho, tukamkuta ndani ya ofisi. Mlango ulikuwa wazi. Ofisa, bwana mmoja wa kujiona, tai shingoni, alikuwa amesimama na jicho lake limefunuliwa.

"Bwana, wewe damu huna," Mama Vipimo alikuwa anamwambia. "Hawa wasichana nimewapima kuanzia unyayo. Na wewe unayekula jikoni pamoja nao, ulipimwa lini?"

Ofisa alinong'ona kitu.

"Sikusikia."

"Sijapimwa," akasema.

Niliandikwa kazi siku hiyo. Mutheu alichukuliwa kwa dobi wiki ya pili yake. Na Jumatatu, kwenye meza ya Mama Vipimo, kulikuwa na kichupa cha asali, na mwenye kichupa alikuwa amekaa kiti cha kupoa na tai yake imefunguliwa.

Tangu hapo nilimwendea kila miezi sita, kwa sheria ya jikoni, na mara nyingi zaidi bila sheria. Niliona mengi ya kuchekesha na moja la kunishangaza: mwanamke huyu aliyechoma sindano watu wasiohesabika alikuwa anaogopa sindano. Alipougua malaria alimeza vidonge vikamwasha mwili mzima, akajikuna wiki, lakini sindano alikataa. Kidole chake hakuwahi kukitoboa. Nilimuuliza mara moja, "Mama, na wewe hupimwi?" Akakoroga chai yake. "Mimi najijua."

Miaka minne ilipita. Nikawa msimamizi wa chai ya asubuhi, na vichupa vya jemu sasa ni mimi niliyevihesabu. Jumapili moja niko mapumzikoni, nimekaa mlangoni napepeta mchele, nikamwona anakuja. Alitembea polepole. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine ndara. Nikainuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akapita akaingia ndani. Hakunivuta kope. Nilisimama pale na ungo mkononi.

Akaomba maji, akanywa gilasi nzima. Akaomba tena, akanywa. Ya tatu alijimiminia mwenyewe. Tukazungumza habari za watu, za Mutheu aliyeolewa Mombasa, za fundi na baiskeli zake. Kisha akafungua mkoba akatoa kichupa cha stroberi, kitupu, kimeoshwa kikang'aa, akakiweka kwenye meza yangu.

"Zamu yangu ya Hija imefika," akasema. "Kikundi kinataka karatasi ya daktari, na daktari wa Msambweni hanijali mimi ni nani. Anataka mkojo kama wa kila mtu." Akaangalia sakafu. "Nisaidie, mwanangu. Wako nauamini. Niliusafisha mwenyewe."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka kisha nikamwona hachekei kitu, vidole vyake vinachezea kamba ya mkoba. Mwanamke aliyemrudisha wakala na fomu zake, aliyewaumbua nusu ya vijana wa Ukunda kwa mgongo wa mkono, amekaa kitandani kwangu ananiomba mkojo. Na nilimwonea huruma. Alikuwa amengoja miaka. Gilasi zile tatu za maji zilikuwa zimekwisha niambia: wakiona sukari watamwambia subiri, na umri wake haukuwa wa kuambiwa subiri.

Nikachukua kichupa nikaenda nyuma ya pazia. Nikafungua chupa ya chai, ya mdomo mpana, ile ile. Nilikuwa nimeitia maji ya moto asubuhi ile. Nikajaza, nikafunika, nikakishika kwa leso nikamletea.

Akakipokea kwa heshima. Na mkono, kwa mazoea tu, ukajigeuza.

"Yallah!"

Akanitazama. Nami nikamtazama. Nikasema, "Mtu mwenye mkojo wa moto hivi keshazikwa, Mama."

Alianza kucheka mabegani, kicheko kikashuka tumboni, akacheka mpaka miwani ikamwanguka, nami nikacheka naye, na katikati ya kicheko hicho nikaona kuwa yeye analia. Nikamvutia kiti changu, nilicho nacho ni kimoja. "Kaa upoe," nikamwambia. "Kisha unionyeshe huo mguu."

Alibisha. Kisha akanionyesha. Kidonda kilikuwa chini ya kidole gumba, amekifunika kwa pamba safi, kwa ufundi wa kazi yake, na ndani kilikuwa kibaya.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Maulidi."

"Huko Makka watu wanatembea, Mama. Wewe utatembea na mguu gani?"

Aliufunga mguu wake upya, taratibu, akabana pamba vizuri. Kisha akachukua kichupa, akamwaga yale maji nje mlangoni, akakifuta na kukirudisha kwenye mkoba.

"Haya," akasema. "Kesho twende."

Msambweni tulikaa foleni kama kila mtu. Msichana mmoja wa hospitali, mdogo kuliko mimi, alimfunga mkono kipimo cha presha, akakunja uso. Kabla hajasema kitu Mama Vipimo akamwambia, "Hiyo si yangu, mwanangu. Ni ya woga. Nipe kiti nipoe." Nami nilikuwa sijamsikia hata siku moja akisema kwamba anaogopa. Walimpa kiti. Wakati wa damu alifumba macho, akanikamata mkono kwa kucha, akawa anasoma dua kwa sauti, na msichana alikuwa bado hajafungua sindano. Alipotoka chooni alikishika kichupa kwa mikono miwili. Hakumpa msichana kwanza. Alinipa mimi.

"Wangu mwenyewe," akasema. "Shika uone."

Nikakigusisha mgongo wa mkono. Kilikuwa na joto la mtu.

Sukari ilionekana, nyingi. Daktari alimweleza mbele yangu: dawa, chakula, mguu usafishwe kila siku, akiuokoa mguu mwaka ujao atamwandikia karatasi yeye mwenyewe, kwa furaha, na mwaka huu haandiki. Mama Vipimo alisikiliza kila neno na kuitikia ndiyo, ndiyo. Aliuliza tu kama chai ataruhusiwa, daktari akasema bila sukari, naye akasema hiyo si chai.

Tukatoka. Nilimshika mkono, na kwa mara ya kwanza aliniachia nimshike. Kila neno nililofikiria kumwambia, niliona yeye ndiye aliyenifundisha. Tulipofika langoni mlinzi akasimama, kijana mrefu mwenye sare mpya, bila shaka ndiyo kwanza ameanza kazi.

"Shikamoo, Mama," akasema.

"Marahaba," akaitikia, akaniachia mkono, akanyanyuka kwenye ncha za vidole vya mguu ule mzima, akamvuta kope.